Ofisi ya mbao uani: kibanda kizuri, ila "hakihitaji kibali dada" imenitoa jasho

Naandika hii nikiwa ndani ya kibanda chenyewe, huku Njiro, Arusha, mvua imekata sasa hivi ndo maana nimepata akili ya kukaa kuandika. Kuna watu wameona picha wakaniuliza bei, fundi nani, na jiji hawasumbui? Nikaona niseme mara moja yaishe. Kwa ambao hamna muda: kibanda ni kizuri na ningekinunua tena kesho. Karakana iliyoniuzia sijui kama ningerudi, na jina silitaji maana mengine tulikaa chini tukayamaliza na pale kuna vijana wanatafuta riziki yao. Mbao hazina kosa. Kosa ni sentensi moja niliyoambiwa siku ya kwanza, "hiki hakihitaji kibali dada, hiki ni kama kabati kubwa tu".

Kabati kubwa. Shikeni hilo neno, tutarudi.

Mimi kazi yangu ni kupanga safari, yani mgeni anaandika anataka Serengeti na Ngorongoro siku 6, mimi napanga ratiba, nabuku lodji, najibu maswali yake yote hata lile la kama chui anaweza kufungua zipu ya hema. Tangu kipindi cha korona wengi wetu tunafanyia nyumbani. Sasa nyumbani kwangu ni sebule moja, watoto 3, dada wa kazi asiyeweza kuosha chombo bila redio, na kuku wa mama mkwe ambao leo sitaki kuwaongelea. Ikafika mahali simu za wageni nazipokelea kwenye gari, gari lipo ndani ya geti limezimwa, nimekaa siti ya abiria laptop mapajani. Mwaka mzima ofisi yangu ilikuwa Vitz.

Wazo la kibanda lilitoka kwa shemeji yangu, yupo Leicester kule Uingereza, alijenga chake nyuma ya nyumba wakati wamefungiwa ndani, akawa anatutumia video anakunywa chai humo kama bosi. Akaniambia kwa kujiamini kabisa, "shemeji usihangaike na kibali, mradi kisizidi mita 2.5 kwenda juu". Na kwa huko aliko yupo sahihi nusu, nilikuja kusoma mwenyewe baadae, usiku, na hasira zangu. England wana ujenzi unaoruhusiwa moja kwa moja bila kuomba, upo kwenye amri yao ya mwaka 2015, na kibanda cha bustanini kinaingia humo kikifuata masharti. Kiwe cha chini tu bila ghorofa, pale ukuta unapokutana na paa pasizidi mita 2.5, kilele cha paa la migongo miwili kisipite mita 4 na paa la aina nyingine mita 3. Ukikibana ndani ya mita 2 kutoka mpaka wa jirani ndo chote kwa ujumla kinatakiwa kisipite mita 2.5. Kumbe ile namba ya shemeji ni ya aliyebanana na fensi! Tena kisikae mbele ya uso wa nyumba, na ukijumlisha vibanda na nyongeza zako zote zisimeze zaidi ya nusu ya eneo linalozunguka nyumba ya asili. Anayekaa fleti hayumo, na nyumba za kihistoria zina mambo yake. Halafu kuna kanuni nyingine kabisa za ubora wa ujenzi, huko kama sakafu haifiki mita za mraba 15 na hakuna kitanda cha mtu kulala kwa kawaida hawakugusi, kati ya 15 na 30 wanataka kiwe angalau mita 1 toka mpakani au kijengwe kwa vitu visivyoshika moto kirahisi. Na hiyo ni England, Scotland na Wales wana zao.

Mambo mazuri sana. Ila mmeona Njiro hapo? Na mimi sikuiona, ila sikuitafuta pia, nilitaka kuamini.

Basi nikachukua picha za shemeji nikaenda nazo karakana moja ya useremala upande wa mtaa wa Unga Limited. Pale ndo nikakutana na msimamizi mwenye maneno matamu, nikamuuliza kabisa kwa mdomo wangu habari ya kibali, ndo akanipa hiyo ya kabati. Amejenga vingi, anasema, Sakina, Moshono, mpaka Usa River, hajawahi kuona mtu anaulizwa. Nikajumlisha kabati lake na mita 2.5 za shemeji nikapata jibu nililokuwa nalitaka. Tukakubaliana mita 3 kwa 4, madirisha 2, mlango, sakafu, paa la bati na vanishi, milioni 6 na laki 4, umeme juu yangu. Nusu ikatangulia. Walisema wiki 3 zikawa 5, kwa seremala wa Arusha hiyo ni kuwahi na nawapongeza bila utani.

Na kazi yao jamani, hapa naomba niwe mkweli, hawa watu mbao wanazijua. Nguzo na sakafu ni paini iliyochovywa dawa, kuta za nje mgrivilea, na kila ubao unaumana na mwenzake ulimi kwa mfereji kiasi kwamba ukipitisha kucha kwenye maungio haizami. Kila ukuta ulitengenezwa kulekule karakana ukaja mzima kwenye kenta, hapa kwangu wakafunga kwa bolti, sio misumari. Nilikaa kwenye ndoo nikiangalia. Kuna kijana mmoja mwembamba hasemi kabisa, hakuwa na timazi, akafunga nati kwenye uzi wa nailoni akauning'iniza kwenye kona, akasubiri itulie, akarudi nyuma akafumba jicho moja, akasema "bado kidogo", wenzake wakasukuma, akasema "bado", wakasukuma tena, hiyo kona moja nusu saa. Mpaka leo mlango wangu ukiuacha nusu wazi unabaki palepale, haujifungi wala haujifungui.

Kitu kingine nilichokipenda, kibanda hakijakaa ardhini. Kimekaa juu ya bloku 9 za zege, na kati ya bloku na mbao wameweka kipande cha bati kimekunjwa kuelekea chini pande zote kama kofia. Nikauliza cha nini, wakaniambia mchwa hapendi mwanga, akitaka kupanda anajenga njia yake ya udongo, sasa akikuta hiyo kofia inabidi azunguke nje ambapo utaiona hiyo njia na utaikwangua. Mimi kila Jumapili nainama na tochi ya simu. Mpaka sasa nimeikuta mara 2 na nimekwangua. Hili shemeji wa Leicester halimhusu, yeye adui yake ni unyevu.

Haya, turudi kwenye kabati.

Vanishi ilipigwa Alhamisi. Ijumaa mchana geti likagongwa, kufungua ni mtendaji, mgambo 2, na kijana kashika kopo la rangi nyekundu na brashi. Nani aliwapa taarifa sijui, na simtuhumu mama wa geti la bluu. Nikasema shikamoo mzee, akasema marahaba, kibali kiko wapi. Nikajieleza, mzee hiki ni cha mbao, kinahamishika, hakina msingi, yani ni kama kabati. Mzee wa watu hakunijibu. Akakizunguka chote taratibu mikono nyuma. Akagonga ukuta kwa kidole kama anagonga hodi. Akaangalia juu. Akaniuliza, "Kabati lako lina kofia ya bati?"

Mgambo mmoja alishindwa kujizuia akacheka. Mimi sikucheka maana kijana alikuwa ameshachovya brashi. X kubwa pembeni ya mlango, chini yake SIMAMISHA na tarehe, juu ya vanishi iliyokuwa bado inanukia. Rangi ikachuruzika kwenye mifereji ya mbao, zile zile mbao za kucha haizami, ikafuata mfereji mpaka chini.

Nikampigia msimamizi wa karakana. "Dada hao wanataka soda tu." Sikutoa soda, sio kwamba mimi malaika, ila nilijiuliza mwezi ujao akija mwingine si nitanunua kreti. Jumatatu nikaenda jiji mwenyewe.

Sasa hapa kuna watu watashangaa, ila pale mipango miji nilihudumiwa vizuri na binti mmoja mdogo kwangu, kazi anaijua. Alinieleza kwamba kwenye eneo la mipango miji huruhusiwi kuendeleza ardhi bila ridhaa ya mamlaka, ipo kwenye Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007, na sheria haiulizi umejenga kwa mbao, bloku au matope. Hakuna habari ya hiki kifupi kipite hiki kirefu kisimame, unaomba. Akaniuliza maswali 3. Kuna choo humo? Hakuna. Kuna mtu analala? Hakuna. Wateja wanakuja? Nikasema wateja wangu wapo Hamburg na Toronto. Akacheka akasema hiyo imekuokoa, maana kiwanja ni cha makazi, ungekuwa unapokea wateja mlangoni tungeanza kuongelea kubadilisha matumizi ya ardhi na hilo ni faili lingine. Kwa hiyo wenye mpango wa saluni au duka uani, swali lenu ni kubwa kuliko langu.

Vitu nilivyotakiwa: nakala ya hati, risiti ya pango la ardhi, na michoro. Michoro yenyewe sio ile ya karakana waliyonichorea nyuma ya risiti, ni ramani inayoonesha kiwanja chote, nyumba iko wapi, kibanda kiko wapi, umbali toka kila mpaka, barabara, na karo la maji taka. Nilimlipa mchoraji laki 2 na nusu. Faili linapita kwa mtu wa ardhi anaangalia umiliki, wa mipango miji anaangalia matumizi, wa afya, na mhandisi.

Na kila dawati lilinikuta na langu. Kwenye umiliki, hati ni ya baba mkwe, na baba mkwe yupo Kibosho kwenye migomba yake, ikabidi twende Jumamosi na soda na mkate tukaombe barua. Mzee akasoma ile barua tuliyomtaipia mara 3, akauliza, "Hiki kibanda ni cha mbuzi?" Tukamweleza. Akasaini, ila kwa sauti ya mtu anayesaini cha mbuzi.

Kwenye risiti ndo nikaona aibu. Mimi siku zote nikinunua LUKU, yani umeme wa kulipia kabla, naona inakatwa kodi najua mambo ya kiwanja nimemaliza. Kumbe ile ni kodi ya jengo, ndo ilihamishiwa kwenye umeme mwaka 2021. Pango la ardhi ni kitu kingine, unalipa kwa kontroli namba yake. Sisi tulikuwa na miaka 2 hatujalipa, mzee alidhani tunalipa sisi, sisi tulidhani LUKU inalipa. Angalieni zenu, nina uhakika sipo peke yangu.

Afya sasa. Bwana afya alikuja, akaangalia ramani, akaangalia chini, akauliza karo liko wapi. Nikamwonesha. Mfuniko wa karo ulikuwa nusu chini ya sakafu ya kibanda! Yani wale mafundi wa timazi ya nati, nusu saa kwa kona moja, waliweka nguzo pembeni ya mfuniko wa karo na hawakusema neno. Na mimi nilikuwa pale kwenye ndoo yangu nikiangalia, tena mwanzoni niliona pazuri maana pana kivuli. Akaniuliza, "Likijaa, gari la majitaka litanyonyea wapi, dirishani?"

Kibanda kikatakiwa kisogee mita 2.

Hapa ndo zile bolti zilinitetea. Kama ni jengo la bloku ni kubomoa na kulia, hiki walikuja vijana 6 asubuhi, wakafungua paa, wakafungua kuta, wakahamisha bloku, wakapima, wakafunga upya, saa 11 jioni wamemaliza na hakuna ubao uliopasuka. Nyota zote kwenye hilo. Lakini karakana walitaka laki 3 na 80 ya kuhamisha. Nikasema nyie ndo mlioniambia kabati na nyie ndo mliokaa juu ya karo. Wakasema sisi ni maseremala sio mainjinia wa jiji, mteja ndo anatuonesha pa kuweka. Tulivutana siku 4 kwa simu, mwisho tukagawana nusu kwa nusu. Bado naona walitakiwa wabebe zaidi, ila na mimi ndoo yangu inanisuta.

Kwa jumla toka X mpaka kibali mkononi ni wiki 7. Nililipa ada na faini ya kuanza kujenga bila kibali, risiti ninazo zote. Ada peke yake haikufika hata bei ya mlango. Ndo kinachoniuma, ningeanza na jiji ningeokoa ile faini, nusu ya kuhamisha, na wiki 7 za kurudi kwenye Vitz wakati ofisi ipo pale naiona kwenye kioo cha gari.

Kuishi humo sasa. Niliingia mwanzo wa masika, na hapo nikajua mapungufu yake. Mvua ya Aprili ikipiga bati tupu hakuna kikao. Mteja wangu mmoja Mjerumani aliniuliza kwa upole kama nakaanga kitu. Ikabidi niongeze siling ya mbao nyembamba na katikati yale mabamba meupe mepesi kama ya kwenye katoni ya tivii, laki 4 na 20 nyingine. Sasa hivi manyunyu siyasikii, mvua kubwa naisikia lakini mgeni hasikii. Muombe fundi aweke toka mwanzo, mimi hakuniambia hata kama ipo.

Aprili hiyohiyo mlango ulivimba, siku moja nikajifungia ndani nikavuta mpaka kitasa kikabaki mkononi, nikatokea dirishani mbele ya kuku wa mama mkwe. Karakana walikuja kupiga randa bure, siku hiyohiyo, nawashukuru.

Julai ni baridi ya miguu. Arusha tupo karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari na kibanda kimenyanyuliwa, upepo unapita chini, saa 1 asubuhi vidole vya miguu havipo. Zulia zito la mtumba limesaidia, soksi mbili mbili zimesaidia zaidi. Dirisha la magharibi ni kosa langu mwenyewe, saa 9 mchana jua linaingia mpaka kwenye skrini, nimeweka kitenge. Dirisha la kaskazini ndo linalonilipa, asubuhi kukiwa kweupe mlima Meru uko mzima mpaka kileleni, na wageni nikiwageuzia kamera wanabuku bila kubishana bei. Umeme nilimtafuta fundi mwenye leseni akavuta kutoka nyumbani kwa waya uliopita ardhini ndani ya bomba, naomba mtu asipitishe ekstensheni dirishani kwenye chumba cha mbao, naomba sana.

Mnaouliza mahali pengine: hii yangu ni ndani ya jiji. Wa Ngaramtoni na Kisongo mpo halmashauri ya wilaya ya Arusha, wa Usa River na Tengeru mpo Meru, Moshi mjini ni manispaa, kila mtu aanze na mtendaji wake kabla hajalipa nusu popote. Aliyepanga aanze na mwenye nyumba. Na kabla ya yote tafuta mfuniko wa karo lako uko wapi.

Nyota: kibanda 4 na nusu, karakana 3. Hiyo X nilipiga msasa mwenyewe siku 2, nikapaka vanishi tena, ila mbao ilishakunywa. Asubuhi huioni, jua la jioni likipiga pembeni ya mlango inatokea ya pinki. Mfereji wa maji wa upande wa nyuma niliolipia toka Februari bado haujaja, msimamizi nilimpigia Jumanne iliyopita akasema, "Kesho dada, asubuhi na mapema."